Shekhar Mehta: Aliondoka Uganda ya Amin, akashinda Safari Rally mara tano

Kwenye mchezo wa magari, watu wengi wanaamini mshindi ni yule anayekanyaga mafuta kuliko wenzake. Shekhar Mehta alikanyaga mafuta kweli, lakini siyo kilichomfanya ashinde Safari Rally mara tano. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Alichowazidi wenzake ni kujua saa ya kuwa mbabe na saa ya kuliacha gari lipumue.

Na wapinzani wake wakubwa wakati mwingine hawakuwa na gari tofauti na lake. Walikuwa timu moja naye, gari lilelile, mafundi walewale.

Mtoto wa mashamba

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia tajiri ya Wahindi waliomiliki mashamba makubwa. Alianza rali mwaka 1966 akiwa kijana wa miaka 21.

Wakati huo Safari ilikuwa tayari ina jina. Ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na miaka ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Madereva walishindana kwenye barabara za kawaida, zile zile za mabasi, ng'ombe na watoto wa shule.

Mwaka 1971 Mehta alishtua watu. Akiwa na Datsun 240Z alimaliza wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann ambaye naye alikuwa na 240Z. Gari moja, dereva tofauti. Hapo kila mtu akajua kijana yupo, kilichobaki ni muda tu.

Amin anawafukuza Waasia

Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwa Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Maelfu ya familia zikaacha nyumba, maduka na mashamba. Mehta naye akahamia Kenya, akaanza maisha upya.

Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, alikuwa kwenye mstari wa kuanzia Safari. Mwaka huo ulikuwa mkubwa: ndiyo mara ya kwanza kuwa na ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa moja ya mashindano yake. Kwa mtu aliyetoka kupoteza nchi, kushinda hapo ilikuwa na maana zaidi ya kikombe.

240Z: gari la mjini lililopelekwa porini

240Z lilikuwa gari la michezo la viti viwili. Injini ya lita 2.4, silinda sita, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Ukiliona barabarani unadhani ni la kutembelea mjini.

Ili likae Safari, magari ya aina hiyo yaliandaliwa upya. Springi na shokapu ziliwekwa ngumu na gari likanyanyuliwa, ili tumbo lisigonge mawe. Chini ya injini ikafungwa sahani nene ya chuma. Mbele yakawekwa mabomba ya kukinga taa na rejeta endapo mnyama atakatiza, pamoja na taa kubwa za ziada kwa ajili ya usiku. Nyuma, matairi ya spea.

Lakini kila kitu kina bei. Ukiongeza chuma, gari linakuwa zito. Ukilinyanyua, linayumba kwenye kona. Ukikaza springi sana, magurudumu yanarukaruka na kukosa mshiko. Kwa hiyo dereva na mafundi wanapaswa kuchagua: wanataka gari linalokimbia, au gari linalofika?

Tena Safari ya Pasaka inaangukia masika. Waendesha bodaboda wa Kisiba na Tukuyu hawahitaji kuelezwa zaidi hapo. Mvua za Rungwe zikichanganya mwezi Aprili, ukivuta mafuta kwa pupa kwenye tope, tairi la nyuma linazunguka bure na chombo kinakugeuka. Ukiachia ghafla, unakwama. Gari la nguvu ya nyuma lina tabia hiyohiyo, ila kwa mwendo mkubwa zaidi.

Pointi 406 kwa 406

Hesabu ya Safari ilikuwa rahisi kuelewa. Kila kipande cha barabara kilipewa muda wake. Ukichelewa dakika moja, unapigwa pointi moja ya adhabu. Mwisho wa safari, mwenye pointi chache ndiye bingwa.

Mwaka 1973 Mehta na msoma ramani wake, Lofty Drews, walimaliza na pointi 406. Harry Källström wa Sweden, akiendesha Datsun nyingine ya timu hiyohiyo, naye akamaliza na pointi 406. Sare! Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na tope, hakukuwa na hata dakika moja kati yao.

Ikabidi kanuni iamue: anashinda aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Huyo alikuwa Mehta. Kumbe zile kilomita za mwanzo, ambazo wengi wanazichukulia kama za kupasha gari moto, ndizo zilizompa ushindi. Alikuwa mkali mapema, gari likiwa bado zima.

Miaka mikavu, halafu manne mfululizo

Baada ya hapo kimya. Kuanzia 1974 hadi 1978 Mehta hakushinda Safari hata mara moja. Joginder Singh, mwamba mwingine wa Kenya, alichukua mbili kati ya hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, na kufikisha ushindi wake wa tatu.

Mwaka 1979 Mehta akarudi na Datsun 160J, msoma ramani akiwa Mike Doughty. Kwa sura gari hilo lilikuwa la kawaida kabisa, la kumpeleka mtu kazini. Injini ya lita mbili, silinda nne. Aliyemaliza wa pili alikuwa Hannu Mikkola wa Finland na Mercedes 450 SLC ya lita tano, silinda nane, gia za kujibadilisha zenyewe. Kwenye barabara iliyonyooka, Mercedes ilikuwa na nguvu kuliko Datsun. Lakini Safari haiko kwenye barabara iliyonyooka tu. Gari jepesi linasumbuliwa kidogo na mashimo, linatoka kwenye tope kirahisi, na fundi analifungua haraka.

Mwaka 1980 akashinda tena. Safari hii wa pili alikuwa Rauno Aaltonen, Mfini mwenye jina kubwa Ulaya, akiwa na 160J kama ya Mehta. Na nani alikaa kiti cha msoma ramani cha Aaltonen? Lofty Drews, yule aliyeshinda na Mehta mwaka 1973.

1981, hadithi ileile. Wote wawili walipewa Datsun Violet GT. Mehta wa kwanza, Aaltonen wa pili.

Hapo ndipo hoja ya gari inapokufa. Watu wawili wakiwa na chombo kimoja, kinachobaki ni mikono, miguu na kichwa. Mehta aliishi kwenye barabara hizi. Tope la masika na vumbi la kiangazi vilikuwa maisha yake ya kila siku, si vitu vya kuja kujifunza wiki chache kabla ya mashindano. Aaltonen alirudi Safari mwaka baada ya mwaka, akamaliza wa pili zaidi ya mara moja, na hakuwahi kushinda.

1982 akafunga hesabu. Safari hii aliyempiga alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani aliyekuwa na Opel Ascona 400, dereva ambaye mwaka huohuo aliondoka na ubingwa wa dunia. Manne mfululizo, jumla matano. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda Safari mara nne mfululizo.

Ajali ya jangwani

Nje ya Kenya, mara kadhaa msoma ramani wake alikuwa mkewe, Yvonne. Yeye anasoma njia, mume anashika usukani. Ni kazi inayotaka kuaminiana, maana neno moja likichelewa gari linakwenda mtoni.

Mwaka 1987 Mehta alipata ajali mbaya kwenye rali ya Mafarao, katika jangwa la Misri. Aliumia vibaya, na maisha yake ya udereva wa mashindano yakaishia hapo, akiwa na miaka 42.

Hakuuacha mchezo. Alihamia upande wa uongozi, akafika kuwa mkuu wa kamisheni ya rali ya FIA, shirikisho la magari la dunia. Mtu aliyekulia kwenye barabara za Afrika Mashariki akawa anakaa kwenye meza inayopanga rali za dunia nzima.

Mwaka 2002 Safari iliendeshwa kwa mara ya mwisho kama sehemu ya ubingwa wa dunia, kisha ikaondolewa. Mehta hakuiona ikirudi. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikipita maeneo ya Naivasha. Magari ya sasa yana nguvu magurudumu yote manne na teknolojia ambayo 160J haikuiota. Madereva wanakuja, wanashinda, wanaondoka. Mpaka sasa hakuna aliyepita matano.