Zheng He, Mateka Aliyekuwa Mkuu wa Merikebu

Wazee wa Kasongo na Kabambare walisimulia habari za misafara ya zamani. Watu wa pwani walipita Tabora na Ujiji, wakavuka ziwa la Tanganyika, wakafika Maniema kutafuta pembe za ndovu. Walichukua na watu pia, hata watoto. Kiswahili kilifika Maniema kwa njia ile ile.

Lakini zaidi ya miaka 400 kabla ya misafara hiyo, pwani yenyewe ilipata wageni waliotoka mbali sana. Walikuwa Wachina. Mkuu wao aliitwa Zheng He, naye alikuwa ametekwa alipokuwa mtoto.

Zheng He alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, kusini ya Uchina. Jamaa yake walikuwa Waislamu. Baba yake na babu yake walikuwa wamesafiri mpaka Maka kuhiji. Siku zile Yunnan ilikuwa bado chini ya Wamongoli. Mwaka 1381 askari wa wafalme wa ukoo wa Ming waliingia kwa vita. Baba akafa, na mtoto akakamatwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi tu. Wakamfanya towashi, yaani mtu asiyeweza kuzaa, kama walivyokuwa watumishi wengi wa majumba ya wafalme. Kisha wakampeleka mbali kaskazini, amtumikie Zhu Di, mwana wa mfalme.

Mtoto huyo alipoteza baba, nyumba na nchi yake. Lakini hakupoteza akili wala bidii. Alikua, akawa askari hodari. Zhu Di alipopigania kiti cha ufalme, Zheng He alimsaidia. Mwaka 1402 Zhu Di akashinda, akatawala kwa jina la Yongle.

Mfalme Yongle alitaka nchi za ng'ambo zijue ukuu wake na kumletea zawadi. Akaamuru merikebu nyingi ziundwe, akamweka Zheng He kuwa mkuu wake. Mwaka 1405 akasafiri mara ya kwanza, pamoja na watu zaidi ya 27,000. Fikirini: ni kama mji mzima unaoelea juu ya maji! Walichukua hariri na sahani za kaure, na askari pia. Katika kisiwa cha Ceylon walipigana na mfalme wa huko, wakamchukua mateka mwaka 1411. Mfalme Yongle akamwacha huru.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na zawadi ya ajabu: twiga mzima! Wachina walistaajabia shingo yake. Wengi walimfananisha na mnyama wa baraka anayesimuliwa katika hadithi zao. Mfalme mwenyewe akatoka mpaka langoni kumpokea.

Basi, mwaka 1417 Zheng He akasafiri kuwarudisha wajumbe makwao. Merikebu zake zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi. Wachina wakabadilishana zawadi na bidhaa na wenyeji, wakarudi kwao. Hawakutwaa nchi ya pwani.

Mwaka 1424 Yongle akafa. Wakuu wengi wa serikali walisema safari zinamaliza mali, na Wamongoli bado ni hatari kaskazini. Zheng He akaongoza safari moja tena, ya saba, kuanzia mwaka 1431 mpaka 1433. Ilikuwa ya mwisho maishani mwake. Baada yake wafalme hawakutuma tena merikebu kubwa kama zile. Mafundi wakazeeka, na ufundi wao ukasahauliwa.

Lakini bahari haikukaa bila watu. Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika Malindi. Baadaye merikebu za Ulaya zilifika mpaka Uchina. Mwaka 1757 wafalme wa ukoo wa Qing waliwaruhusu wafanya biashara wa Ulaya kutumia bandari moja tu, Guangzhou. Mwaka 1842, baada ya vita, Waingereza waliwalazimisha kufungua bandari nyingine. Wachina, ambao merikebu zao ziliwashinda wote zamani, sasa walishindwa baharini.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya Kichina ya zamani za Yongle imeokotwa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati. Zheng He hakuzaa mtoto. Lakini jina lake linakumbukwa hata leo, ingawa waliomteka walidhani wamepata mtumishi tu.

Maswali
1. Zheng He alitekwa namna gani?
2. Watu wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina zawadi gani?
3. Kwa nini safari za merikebu zilikomeshwa?
4. Uchina ilipata hasara gani baadaye?