Andrée Blouin: mama aliyefanya kampeni ya 1960, familia yake ikashikwa mateka

LUKAFU, Haut-Katanga – Wakati wa kampeni, hapa Lukafu na mahali pengine pengi Kongo, wamama ndio wanaoamka mapema. Wanaita watu kwenye mkutano, wanapika kwa ajili ya wageni wa mgombea, wanaimba, wanatembea nyumba kwa nyumba. Mtoto mdogo anaachwa kwa nkambo. Jioni mama anarudi, mume anauliza chakula kiko wapi. Jambo hilo si geni. Mwaka 1960, mama mmoja aliyesaidia kuendesha kampeni ya chama kabla ya Uhuru alilijua vizuri, na familia yake iliumia zaidi kuliko yeye mwenyewe. Jina lake ni Andrée Blouin.

Hakuzaliwa Kongo. Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1921 huko Oubangui-Chari, nchi tunayoita leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baba yake, Pierre Gerbillat, alikuwa mfanyabiashara Mfaransa. Mama yake, Josephine Wouassimba, alikuwa msichana wa miaka 14 tu.

Wakoloni hawakupenda watoto chotara waonekane, kwa sababu walikuwa ushahidi wa mambo ambayo wazungu walifanya na kuficha. Andrée alipofikisha miaka mitatu, baba yake alimtoa kwa mama yake na kumpeleka Brazzaville, kwenye kituo cha watoto yatima cha masista. Hakuwa yatima. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai. Alikaa pale miaka 14, katika njaa na viboko. Masista walipotaka kumwoza kwa mwanaume ambaye hakumchagua, alitoroka. Alikuwa na miaka 17.

Kwa miaka mingi baadaye hakujishughulisha na siasa. Alishona nguo, akaishi na wanaume wazungu ambao sheria na desturi za wakati ule ziliwaruhusu kuwa naye bila kumheshimu kama mke, na akazaa. Kilichombadilisha ni kifo cha mtoto wake René, mwaka 1946, huko Bangui.

René alikuwa na miaka miwili alipopata malaria. Dawa ya kwinini ilikuwapo mjini, lakini iliwekwa kwa ajili ya wazungu. Andrée alikwenda kwa wakubwa wa serikali kuomba. Alikataliwa, kwa kuwa mtoto alikuwa na damu ya Kiafrika. René akafa. Tangu siku hiyo, Andrée aliuona ukoloni kuwa ndio uliomwua mtoto wake, na hakuweza tena kuuchukua kama hali ya kawaida ya maisha. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mama huyu aliacha nyumba kwa ajili ya siasa, amekosea. Siasa yake ilianzia nyumbani, kando ya kitanda cha mtoto.

Mwaka 1952 aliolewa na André Blouin, mhandisi Mfaransa wa migodi. Kazi ya mume iliwapeleka Guinea. Huko Andrée alijiunga na chama cha Sékou Touré na kuzunguka kwenye mikutano ya kutafuta kura ya Hapana katika kura ya maoni ya tarehe 28 Septemba 1958. Guinea ilisema Hapana kwa Jenerali de Gaulle, na tarehe 2 Oktoba ikapata Uhuru. Wakati ule Andrée alikuwa mke, tena mama wa watoto wanaohitaji kulishwa na kusomeshwa.

Mapema mwaka 1960, Wakongo waliofika Conakry walimwomba aje kuwasaidia. Walikuwa watu wa chama cha PSA, kilichoongozwa na Antoine Gizenga pamoja na Pierre Mulele. Uchaguzi wa Mei ulikuwa karibu na walihitaji mtu wa kuwaamsha wamama. Andrée akakubali. Aliingia Kwilu na Kwango, akapita kijiji kwa kijiji kwa gari, akihutubia na kuandikisha. Mwezi wa Aprili likaanzishwa kundi la wamama la mshikamano wa Kiafrika. Hadi mwisho wa Mei wanachama walikadiriwa kufikia 45,000. Kundi hilo halikuzungumzia kura peke yake. Lilitaka wamama wajue kusoma, nyumba ziwe safi, ulevi upungue, na wanawake walioachwa na watoto wao walindwe.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wamelisahau. Wamama hao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa komini uliofanyika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, yaani Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo, walichagua wanaume tu. Mei 1960 ikawa vilevile. Wanawake wa Kongo walipata haki hiyo mwaka 1967. Maelfu ya wamama waliacha mashamba na watoto kwa ajili ya uchaguzi ambao hawakuweza kutia hata karatasi moja ndani ya sanduku. PSA ilipata viti 13 katika Baraza la Wabunge.

Wabelgiji waliona kazi hiyo wakamfukuza Andrée kabla ya tarehe 30 Juni. Baada ya Uhuru alirudi, na Waziri Mkuu Patrice Lumumba akamweka kuwa mkuu wa itifaki. Magazeti ya Ulaya hayakutaka kuamini kwamba mwanamke anaweza kufika pale kwa kazi yake. Yalimfanya kuwa kimada wa wakubwa na kumwita mkomunisti.

Tarehe 14 Septemba 1960, Kanali Mobutu alichukua madaraka. Andrée akaamriwa kuondoka, lakini familia yake ikazuiwa Léopoldville. Ilikuwa njia ya kumfunga mdomo: akisema huko nje, watoto wake wako mikononi mwa wanajeshi. Askari walivamia nyumba na kupora vitu. Josephine, yule mama aliyenyang'anywa binti yake wa miaka mitatu na ambaye sasa alikuwa nkambo katika nyumba hiyo, alipigwa kwa bunduki. Uti wa mgongo wake haukupona tena.

Lumumba aliuawa hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Familia ya Blouin ilikutana tena baada ya miezi kadhaa, ikaishi Algeria na kisha Paris. Mwaka 1983 Andrée alitoa kitabu cha maisha yake. Alifariki Paris tarehe 9 Aprili 1986, akiwa na miaka 64. Kitabu hicho kilichapwa upya mwaka 2025, baada ya juhudi za binti yake Eve.

Leo mwanamke wa Lukafu anapiga kura na anaweza kugombea. Lakini kampeni ikianza, bado hakuna mgombea anayehesabu kazi ya nkambo anayebaki na watoto, wala anayeuliza nani atailinda nyumba ya mama wa chama ikiwa mambo yatageuka. Josephine hakuhutubia mkutano wowote Kwilu. Jina lake halimo katika orodha ya wagombea. Lakini kipigo cha kampeni ile kiliuangukia mgongo wake.