John Augustus: fundi wa viatu mwenye alifuata wakosaji mupaka nyumbani

Asubuhi, mbele ya magereza mengi ya Kivu na Ituri, wamama wanapanga mustari na bugali ndani ya sahani yenye kufunikwa na kitambaa. Ndani ya gereza, mwenye aliiba kuku anaweza kulala karibu na mwenye aliua mutu. Nafasi ni kidogo, chakula ni kidogo, na siku ya kutoka, mutu anarudi kwao bila kazi na bila jina zuri.

Kwa makosa madogo kuko njia ingine. Mutu anahukumiwa, lakini anabaki nje. Anatumika, analala kwake, na kuko mutu mwenye anamufuata na kupasha muamuzi habari ya mwenendo wake. Nchi nyingi leo ziko na watumishi wenye kulipwa kwa kazi hiyo. Lakini mwenye aliwafungulia njia hakusomea sheria na hakulipwa mushahara. Alikuwa fundi wa viatu, jina lake John Augustus, katika muji wa Boston, Marekani.

Duka karibu na tribinali

Augustus alizaliwa katika miaka ya 1780 katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya viatu, akaifanya kwanza katika muji mudogo wa Lexington, kisha akahamia Boston. Duka lake halikuwa mbali na tribinali ya polisi, na watu wenye kukamatwa walipita karibu naye kila siku.

Wengi wao walikuwa walevi. Wakati ule, sheria ya Boston ilisema kama mulevi wa kila siku ni mukosaji. Polisi walimukamata, muamuzi alimuhukumu, na akienda gerezani, alitoka baada ya miezi na kiu ileile. Kisha alikamatwa tena. Augustus alikuwa ndani ya Chama cha Washington, chenye kilisaidia walevi waahidi kuacha pombe. Aliamini kama mulevi anaweza kugeuka akipata mutu wa kumushika mukono. Gereza halikufanya vile.

Mutu wa kwanza

Mwezi wa 8, mwaka 1841, Augustus alikuwa ndani ya tribinali wakati polisi walileta mutu mumoja mwenye manguo yamepasuka, uso umeharibika na pombe. Kosa lilikuwa wazi, na hukumu ilikuwa karibu kutoka. Mbele itoke, Augustus alizungumuza na yule mutu. Alisikia kama anataka kweli kuacha pombe, lakini akipelekwa gerezani atapotea kabisa.

Basi Augustus alisimama na kuomba muamuzi amukabizi mutu huyo. Alitoa dhamana, ni kusema, alikubali kulipa feza yake mwenyewe kama yule mutu atakimbia. Muamuzi alikubali, akapanga siku ya kurudi kisha majuma 3.

Augustus hakumuacha mutu wake njiani. Alimuomba atie sahihi ahadi ya kuacha kilevi, akamusaidia mupaka siku ya kurudi. Majuma 3 yalipoisha, wenye walikuwa ndani ya tribinali waliona mutu mwengine kabisa, musafi na mwenye akili imetulia. Muamuzi hakumupeleka gerezani. Alimupatia amande ya senti moja. Pamoja na gharama za tribinali, yote ilikuwa dola 3 na senti 76. Ililipwa palepale.

Namna alitumika

Tangu siku ile, Augustus alirudi tribinali mara kwa mara, na kazi yake ikapata kanuni. Kanuni ya kwanza ilikuwa kuchagua. Hakuchukua kila mutu. Aliuliza kwanza: ni kosa lake la kwanza? Ana miaka ngapi? Anakaa na nani, na watu wa kwao wanamuvuta upande gani? Mwenye moyo wake ulikuwa umekwisha kuzoea ubaya, alimuacha kwa sheria.

Ya pili ilikuwa kufuata. Alitafutia watu kazi na fasi ya kulala, na watoto aliangalia waende masomo ao wapate kazi ya heshima. Wengine aliwaweka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ya tatu ilikuwa kutoa ripoti. Wakati muamuzi alimuuliza, alieleza bila kuficha namna mutu anaendelea. Mambo hayo matatu, kuchunguza, kufuata na kutoa ripoti, njo yako mupaka leo katika kazi ya kusimamia wakosaji wenye wako nje.

Kisha walevi, alianza kusimamia wanawake na watoto. Mwaka 1843 alisimamia wasichana wawili, mumoja wa miaka 8 na mwengine wa miaka 10, pamoja na kijana wa miaka 11, wote walishitakiwa juu ya wizi. Mwaka 1847 alitoa dhamana kwa vijana 19, wenye miaka 7 mupaka 15. Kesi zao hazikukatwa mara moja. Zilisukumwa miezi na miezi, na kila mara Augustus alipashwa kueleza mwenendo wao. Mwishoni, muamuzi aliona kama wamegeuka na akawapatia amande ya senti 10 kila mumoja, pamoja na gharama. Wenye hawakuwa na kitu, Augustus aliwalipia.

Wenye hawakufurahi

Mutu angewaza kama kila mutu alifurahia kazi hiyo. Hapana. Wakati ule watumishi wa tribinali walipokea malipo, kati ya senti 62 na senti 75, kwa kila mutu mwenye alipelekwa gerezani. Mutu akipewa Augustus, malipo hayo yalipotea. Kwa hiyo, kila mulevi mwenye alibaki nje alikuwa hasara ndani ya mufuko wa mutu fulani.

Maofisa walimuzuia na kumutukana. Watu wengine walisema kama iko biashara na anajitajirisha kwa mugongo wa wakosaji. Wengine walisema anaharibu sheria, juu mukosaji hatamuogopa tena muamuzi.

Ukweli wa mufuko wake ulikuwa mwengine. Muchana alikuwa tribinali, usiku alishona viatu ili apate namna ya kuishi. Miaka ya kwanza alitumia feza yake mwenyewe. Kisha watu wa Boston wenye mali walianza kumuchangia, lakini michango hiyo iliingia na kutoka palepale, kwa amande, kwa chakula na kwa kodi ya nyumba za watu wake. Biashara ya viatu ilianguka. Mwaka 1852, rafiki zake walipoomba, alichapisha kitabu cha ripoti ya kazi yake, watu wajionee wenyewe hesabu.

Hesabu ya maisha

Mupaka 1858, Augustus alikuwa ametoa dhamana kwa watu 1,946: wanaume 1,152 na wanawake 794. Ukijumlisha feza yenye aliahidi kulipa kama watu hao wangekimbia, ilipita dola 240,000. Hiyo ni mali yenye fundi wa viatu hangeiona hata siku moja. Lakini hakuitajiwa kuilipa. Katika watu 1,100 wa kwanza wenye aliandika habari zao, ni mumoja tu alifanya dhamana ipotee.

Hii haimaanishi kama kila mutu aligeuka kabisa. Kurudi tribinali siku yenye ilipangwa ni jambo moja, kuishi vizuri maisha yote ni lingine. Lakini inaonyesha kama mukosaji wa kosa dogo, akichaguliwa vizuri na akifuatwa karibu, hakimbii.

John Augustus alikufa tarehe 21 mwezi wa 6, mwaka 1859, akiwa masikini. Serikali haikuwa na mutu wa kumurizi. Watu wengine wa moyo muzuri waliendelesha kazi kwa kujitolea, na ilipita miaka 19 mbele sheria iingie. Mwaka 1878, jimbo la Massachusetts liliamua kama meya wa Boston ataweka mutumishi wa kusimamia wakosaji wenye wako nje, mwenye kulipwa mushahara. Wa kwanza alikuwa Edward Savage, mukubwa wa zamani wa polisi ya Boston. Mwaka 1891 sheria ya jimbo ilitaka matribinali yaweke watumishi wa namna hiyo. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1907, na serikali kuu ya Marekani mwaka 1925.

Mambo yenye yanatugusa

Katika Kongo, sheria inajua kuhukumu mutu na kusimamisha azabu yake, yenye wanasheria wanaita sursis, na inajua kufungulia mufungwa kwa masharti. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1, mwaka 2009, juu ya kulinda mutoto, iliweka tribinali za watoto na ikawapatia waamuzi njia ya kurudisha mutoto kwa wazazi na kuwaamuru wamuangalie vizuri zaidi.

Maandishi yako, lakini karatasi haitembei yenyewe mupaka ndani ya avenue kuona kama mutoto ameenda masomo ao kama baba ameacha lotoko. Kwa hiyo inaombwa mutu mwenye mushahara, mwenye anajua kartie, na mwenye hapati faida yoyote wakati mwengine anafungwa. Boston ilikuwa na mutu kama huyo miaka 18, ikamuacha ajilipie mwenyewe, na ni kisha kifo chake njo iliona kama kazi yake inastahili kulipwa.