Mtakatifu Augustino na Uongo wa Nia Njema

Kila mwaka tarehe 28 Agosti Kalenda ya Kanisa yatukumbusha Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo. Wengi wetu twamjua kwa ajili ya mama yake Monika, ambaye machozi yake huhubiriwa sana katika mikutano ya akina mama. Wachache wajua kwamba mtu huyu alikuwa mwalimu kabla ya kuwa padre, na kwamba alihangaika sana na swali ambalo hutukuta sisi sokoni, nyumbani na hata kando ya kitanda cha mgonjwa: je, Mkristo aweza kusema uongo ikiwa nia yake ni njema?

Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao siku hizi huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake Patricius alikuwa na shamba dogo na fedha chache. Kijana alipofika umri wa miaka 16 ilimbidi kukaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo. Kila mwalimu ajua kijana wa umri huo asiye na kazi hufanya nini. Usiku mmoja yeye na wenzake waliiba matunda ya mti wa jirani, wala hawakuwa na njaa; mengi waliwatupia nguruwe. Alipokuwa askofu alilikumbuka jambo hilo dogo kwa uchungu, kwa maana aliona kwamba aliupenda ubaya wenyewe, tena kwa sababu ya kupenda kusifiwa na wenzake.

Huko Carthage alisoma, kisha akafundisha ufundi wa kusema mbele za watu. Aliishi na mwanamke pasipo ndoa kwa muda wa miaka ipatayo 15, wakapata mwana, Adeodatus. Baadaye mwanamke huyo alirudishwa Afrika ili Augustino aposewe binti wa watu wenye mali, na katika maandiko yake yote hakulitaja jina lake. Hilo mimi sioni namna ya kumtetea.

Mwaka 383 alitaka kwenda kufundisha Roma. Monika hakutaka mwanawe aondoke, akamfuata mpaka pwani. Augustino akamwambia mama yake kwamba anakwenda tu kumsindikiza rafiki anayengojea upepo. Monika akalala katika kanisa dogo la Mtakatifu Cyprian, karibu na merikebu, akiomba usiku kucha. Asubuhi pwani ilikuwa tupu. Uongo huo aliusema kwa mama, na mama wa namna ile! Miaka mingi baadaye aliuandika wazi ili kila mtu ausome.

Huko Roma alilipwa kwa kipimo kile kile. Wanafunzi wa mji ule walikuwa na desturi ya kumsikiliza mwalimu mpaka siku ya kulipa ikaribie, kisha kuhama wote pamoja kwenda kwa mwalimu mwingine. (Sisi tuliofundisha twaweza kumhurumia hapo.) Mwaka 384 akapata kazi kubwa Milan, mji alikokaa Kaisari. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kutunga hotuba za kumsifu Kaisari, hotuba zilizojaa uongo, na waliosikiliza walijua ni uongo, nao walimpigia makofi. Siku moja akiwa njiani, moyo ukimwuma kwa ajili ya hotuba ya namna hiyo, alimwona maskini mmoja mlevi anacheka, akamwonea wivu.

Katika Milan alimsikia Askofu Ambrosio akihubiri, na mwaka 386 Bwana akamshika. Angalia alivyoiacha kazi yake. Siku zipatazo 20 tu zilibaki kabla ya likizo ya mavuno ya zabibu, naye akazifundisha zote. Kisha akawaarifu watu wa Milan watafute mwalimu mwingine. Alikuwa na sababu ambayo kila mzazi angeikubali, kwa maana kifua chake kilikuwa kibovu kweli kweli. Lakini hakujificha nyuma ya kifua. Aliwaambia pia kwamba amechagua kumtumikia Mungu. Akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Mwaka huo huo Monika akafa bandarini Ostia, mwanawe akiwa amemrudia.

Mwaka 388 akarudi kwao Afrika. Mwaka 391 watu wa Hippo, mji uitwao leo Annaba, walimkamata kanisani wakamtaka awe padre, naye akalia. Miaka minne hivi baadaye akawekwa kuwa askofu, na karibu na wakati huo ndipo alipoandika kitabu chake cha kwanza juu ya uongo.

Msingi wake ulikuwa huu. Mungu ni kweli, na ulimi tumepewa ili wenzetu wajue yaliyomo mioyoni mwetu. Mtu akikosea kwa kutojua, huyo si mwongo. Mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni, naye ataka kudanganya. Alihesabu aina nane za uongo, tangu ule wa kupotosha imani mpaka ule usiomdhuru mtu na kumsaidia mwingine. Alikubali kwamba uzito wake haulingani, lakini hakuhalalisha hata mmoja. Watu walipomtajia wale wakunga wa Kiebrania katika Kutoka, alijibu kwamba Mungu aliwabariki kwa huruma yao, si kwa uongo wao.

Lakini kunyamaza, alisema, si kusema uongo. Alimsimulia Firmus, aliyewahi kuwa askofu wa Thagaste. Firmus alimficha mtu aliyekuwa akitafutwa. Wajumbe wa Kaisari walipomwuliza, aliwajibu kwamba hawezi kusema uongo wala hawezi kumtoa mtu yule. Wakamtesa, asibadilike. Mwishowe alipelekwa mbele ya Kaisari, ambaye alistaajabu sana hata akamsamehe yule aliyefichwa.

Yapata mwaka 420 mtu mmoja aitwaye Consentius alimwandikia kutoka ng'ambo, akitaka Wakristo wajifanye wafuasi wa uzushi ili wawanase wazushi. Augustino alikataa, akaandika kitabu cha pili. Humo ndimo aliposhika jambo zito kuliko yote. Baba ni mgonjwa, karibu na kufa. Mwanawe wa pekee amekufa naye hajui. Anakuuliza kama mtoto yu hai. Ukisema kweli, huenda ukamwua. Augustino alikiri kwamba hapo moyo wake mwenyewe ulitikisika. Hata hivyo hakukubali uongo.

Nalisoma jambo hilo kwa aibu. Zamani, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, mzee mmoja jirani aliniuliza neno hilo hilo akiwa hospitali. Nilimwambia kijana wake hajambo, na kijana tulikuwa tumemzika siku mbili nyuma. Wazee wote walikubali kwamba nimefanya vema. Mzee akapona. Alipojua, hakunigombeza, alisikitika tu kwamba hakutupa udongo katika kaburi la mwanawe. Lakini tangu siku ile, kila nilipompa habari yo yote, aliwatazama wengine kwanza.

Si Wakristo wote wanaomfuata Augustino. Yohana Krisostomo aliona kwamba hila yaweza kutumika kwa wema. Kwetu Anglikana, Askofu Jeremy Taylor, aliyekufa mwaka 1667, hakuukataa uongo wa kuokoa maisha ya mtu. Sijui ningefanya nini leo kwenye kitanda kile. Pengine ningekaa, ningemshika mkono, nisijibu.

Nyumbani kwake Augustino alikuwa na maandishi kwenye meza ya chakula, yakimkataza mgeni kumsengenya asiyekuwapo. Mara moja maaskofu rafiki zake walijisahau. Akawaambia ama maandishi yafutwe, ama yeye aondoke mezani.

Alipozeeka alivipitia vitabu vyake vyote, kama mwalimu asahihishavyo madaftari. Kile cha kwanza juu ya uongo alikiona kigumu na kichovu, akasema aliwahi kuagiza kiondolewe. Lakini kumbe kilikuwa kingalipo, akakiacha.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Katika mwezi wa tatu akashikwa na homa. Aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akawa akizisoma kitandani na kulia, wala hakutaka wageni ila waganga na waliomletea chakula. Alikufa tarehe 28 Agosti, mwenye umri wa miaka 75. Hakuacha wasia, kwa maana hakuwa na mali ya kurithisha.