Mapambo ya Sanamu za Juliasi Kaizari

Juliasi Kaizari alizaliwa Roma mwaka 100 K.K. katika ukoo wa kale wenye heshima. Tangu mwaka 58 K.K. aliongoza jeshi katika nchi ya Gaul, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, hata akaitia chini ya Roma. Wakuu wa Roma wakamwogopa, wakamwamuru aliache jeshi lake. Yeye akakataa, na mwaka 49 K.K. akavuka mto Rubicon pamoja na askari wake. Mwaka uliofuata alimshinda Pompey, ambaye zamani alikuwa mkwewe.

Alipokuwa mtawala alitengeneza kalenda ya siku 365, yenye siku moja ya kuongezwa kila mwaka wa nne. Mapema mwaka 44 K.K. alifanywa mtawala wa maisha. Baadhi ya wakuu wakahofu kuwa atajifanya mfalme, nao wakamwua kwa majambia tarehe 15 Machi mwaka huo huo.

Shakespeare alitunga mchezo juu ya habari hizi, na Mwalimu Nyerere akaufasiri kwa Kiswahili. Tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1963, na tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mchezo waanza siku ya sikukuu. Mafundi wameacha kazi, na sanamu za Kaizari zimevikwa mapambo. Maofisa wawili, Flavius na Marullus, wanakasirika, kwa kuwa watu hao hao zamani walimshangilia Pompey. Basi wanakwenda kuyavua mapambo hayo, na baadaye twasikia kuwa wamenyamazishwa.

Kwa nini twaonyeshwa mapambo kabla hatujamwona Kaizari mwenyewe? Kwa sababu mapambo hayo ni mfano wake. Sanamu haijivishi, huvikwa na watu, na aliyeivika aweza kuivua. Ndivyo alivyokuwa Kaizari katika mchezo huu. Hupenda kujitaja kwa jina lake, kana kwamba anasimulia habari za mtu mwingine aliye mkuu kuliko yeye. Mkewe, Calpurnia, aota sanamu yake ikibubujika damu, lakini yeye ashawishika kuwa ndoto hiyo ni ya heri. Mwishowe aanguka chini ya sanamu ya Pompey, yule aliyesahauliwa na washangiliaji.

Habari hii yatuhusu sisi wa kidato cha nne hapa Temeke. Siku ya mahafali wazazi na ndugu hutuvika mashada ya maua shingoni, hali mtihani wa taifa bado hatujaufanya. Tuyapokee kwa shukrani, kwani ni dalili ya upendo. Lakini tukumbuke kwamba vitambaa vya sanamu za Roma vilivuliwa siku ile ile, na kalenda ya Kaizari, ingawa ilisahihishwa mwaka 1582, ingali yatuhesabia siku. Hata mwezi aliozaliwa twauita Julai kwa jina lake. Pambo huvuliwa, kazi njema hubaki.