Burton alivyoingia mji mtakatifu wa Harar, na Pasha wa bibi yangu wa Koboko

BIBI yangu mzaa mama alikuwa Mnubi wa Koboko. Jioni, baada ya swala ya Magharibi, alizoea kutuketisha mkekani na kutueleza kwamba wazee wetu walikuja na Pasha. Pasha yupi, hakusema. Sisi watoto tulidhani Pasha ni jina la mtu, kama Juma au Rajabu.

Jibu la swali hilo nilikuja kulikuta ukubwani, mahali ambapo sikutarajia kabisa: ndani ya ukuta wa mji wa kale wa Harar, mashariki mwa Ethiopia. Na aliyenipeleka huko, kwa namna ya kusema, ni marehemu Richard Francis Burton, Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1890.

Jina hilo si geni kwa msomaji. Shuleni Arua tulifundishwa kwamba Burton na mwenzake, John Hanning Speke, ndio Wazungu wa kwanza kufika Ujiji. Tulikariri tarehe, tukafanya mtihani, tukasahau. Safari yake ya kwenda Harar hatukufundishwa.

Burton alizaliwa mwaka 1821 huko Torquay, kusini mwa Uingereza. Utotoni alihamahama na wazazi wake nchini Ufaransa na Italia, na huko ndiko alikoanza kuokota lugha. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Oxford, lakini mwaka 1842 alifukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Mwaka huo huo akajiunga na jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India.

Wenzake walipokuwa wakicheza karata na kunywa pombe, yeye alikuwa sokoni akijifunza lugha. Alijua Kihindustani, Kigujarati, Kisindhi, Kiajemi na Kiarabu, na wanaoandika habari zake wanataja lugha zaidi ya 20. Alijifunza pia kuvaa, kula na kuketi kama watu aliokuwa nao.

Ujuzi huo ndio uliomfikisha Makka na Madina mwaka 1853. Alijifanya tabibu wa Kiafghani, akasafiri na mahujaji na kutekeleza ibada pamoja nao. Kitabu alichoandika juu ya safari hiyo kilimpa jina kubwa kwao.

Baada ya hapo alitafuta mji mwingine uliofungwa, na mji huo ulikuwa Harar.

Waislamu wengi wa Ethiopia huihesabu Harar kuwa mji mtakatifu wa nne, baada ya Makka, Madina na Jerusalemu. Ukuta wake, uitwao Jugol, ulijengwa katika karne ya 16. Aliyeujenga ni Amiri Nur ibn Mujahid, aliyeshika uongozi baada ya Imamu Ahmad, ambaye Wasomali humwita Gurey, kuuawa vitani mwaka 1543. Mwaka 2006 mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani yake kuna misikiti 82 na makaburi ya mawalii na sehemu za ziara 102.

Enzi za Burton ilisemwa kwamba siku Mzungu atakapokanyaga ndani ya ukuta huo, baraka ya mji itaondoka. Kwake yeye, maneno hayo yalikuwa kama mwaliko.

Nami nilitaka kuuona ukuta huo. Nilipanda basi Arua, tukavuka Mto Nile kwenye daraja la Pakwach, tukafika Kampala. Kutoka Entebbe nikaruka hadi Addis Ababa, kisha nikashika barabara ya mashariki, zaidi ya kilomita 500.

Nilipopita langoni nilijihisi mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Vichochoro ni vyembamba, kuta zimepakwa chokaa na rangi, wanawake wameketi na vikapu vya mboga, adhana inatoka huku na kule. Ukiukuta mji huo usiku, utaona watu wakiwalisha fisi nyama nje ya ukuta bila woga. Mzunguko wa ukuta ni kama kilomita tatu na nusu, nami niliuzunguka kwa miguu huku nikimfikiria Burton.

Yeye alitokea pwani. Alifika Zeila mwishoni mwa Oktoba 1854 akiwa amevaa kama mfanyabiashara wa Kiarabu, akakaa karibu mwezi mzima kwa liwali wa hapo, Haji Sharmarke. Kisha akaingia bara pamoja na Wasomali waliomwongoza. Njiani weupe wake ulimponza. Watu walimdhania Mturuki, na Mturuki hakupendwa. Basi alipokaribia Harar akaamua kuvua ule uongo na kuvaa mwingine: alijitangaza kuwa Mwingereza aliyetumwa na mkuu wa Aden, akatoa barua aliyokuwa ameiandika mwenyewe.

Aliingia langoni tarehe 3 Januari 1855, akiwa na miaka 33. Alipelekwa moja kwa moja mbele ya Amiri Ahmad bin Abu Bakr, katika chumba ambacho ukutani palitundikwa bunduki kuukuu na pingu. Alipewa nyumba ya kulala na chakula, lakini ruhusa ya kuondoka hakupewa. Kwa siku kumi hakujua kama atatoka mgeni au atatoka maiti.

Alitoka salama. Waziri wa Amiri alisumbuliwa na kifua, naye Burton akaahidi kumpelekea dawa kutoka Aden. Amiri akampa barua ya kujibu ile ya kwake, naye akamwachia Amiri bastola kama zawadi. Tarehe 13 Januari lango likafunguliwa.

Mwaka 1856 alichapisha kitabu. Humo mna jambo la kumshukuru: alikusanya maneno na sarufi ya lugha ya Waharari. Lakini humo humo aliwadharau watu waliomlisha na kumlaza, kama alivyowadharau Waafrika wengine katika vitabu vyake vya baadaye. Aidha, aliandika kwamba ukuta una malango matano na minara, na kwamba haukujengwa kwa kukabili mizinga. Jicho lile la mgeni lilikuwa pia jicho la askari.

Maisha yaliyofuata hayakuwa mepesi. Aprili 1855, kambi yake ya Berbera ilivamiwa usiku. Luteni Stroyan aliuawa, Speke alijeruhiwa vibaya, na Burton mwenyewe alichomwa mkuki ulioingia shavu moja na kutokea la pili. Kovu hilo aliingia nalo kaburini.

Desemba 1856 alifika Zanzibar. Mwaka uliofuata alielekea bara na Speke, huku msafara ukimtegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India na kurudi. Walifika Ujiji Februari 1858, Burton akiwa hawezi kutembea na Speke akiwa karibu kipofu. Waliobeba mzigo wa safari hiyo walikuwa Waafrika, ingawa majina yao mengi hayakuandikwa.

Wakiwa njiani kurudi, Speke alikwenda kaskazini peke yake, akaiona Nyanza mnamo Agosti 1858 na kutangaza kwamba hapo ndipo chimbuko la Nile. Burton alikataa, akidai ushahidi hautoshi. Urafiki ukavunjika. Septemba 1864, siku moja kabla ya wawili hao kukutana mbele ya wasomi huko Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Hatimaye ilithibitika kwamba Speke alikuwa sahihi. Maji ninayovuka Pakwach kila niendapo Kampala yametoka huko alikosema.

Burton alimwoa Isabel Arundell mwaka 1861 na kutumwa kama konseli Fernando Po, Brazil, Damascus, na mwisho Trieste. Huko alifasiri Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza kuanzia mwaka 1885. Alikufa Trieste tarehe 20 Oktoba 1890. Mkewe alichoma miswada na shajara zake nyingi, kisha akamzika Mortlake, London, katika kaburi la mawe lenye umbo la hema.

Hayo yote niliyasoma kabla ya safari, na kwa kweli nilifika Harar nikiwa na hasira na Burton. Nilimwona kama mgeni aliyekula wali wa watu kisha akawasengenya.

Mzee mmoja aliyenikaribisha kahawa nyumbani kwake ndiye aliyenishtua. Alisema Burton alikuja mtu mmoja akaondoka. Msiba wenyewe ulikuja miaka 20 baadaye, mwaka 1875, majeshi ya Misri yalipoingia mjini. Amiri wa wakati huo, Muhammad bin Ali, aliuawa, na utawala wa Misri ukadumu miaka kumi. Mwaka 1887 Menelik naye akauteka. Kisha mzee akamtaja kamanda wa Wamisri: Rauf Pasha.

Kikombe kilitulia mkononi mwangu. Jina hilo nilikuwa nimekutana nalo katika historia ya kwetu.

Mtawala wa Misri, Ismail, ndiye aliyemtuma Samuel Baker kuja kuitwaa nchi ya Nile ya juu, iliyoitwa Ikwetoria. Ofisa wa Misri aliyekuwa na Baker huko Gondokoro, karibu na Juba ya leo, alikuwa huyo huyo Rauf. Baada ya kutoka huko ndipo alipopelekwa Harar. Jeshi la mtawala yule yule lilijenga ngome za Dufile na Wadelai hapa kwetu. Gavana wake wa mwisho, kuanzia mwaka 1878, alikuwa Emin Pasha. Alipoondoka na Stanley mwaka 1889, askari wengi walibaki. Baadhi walichukuliwa na Lugard mwaka 1891, na vizazi vyao wapo Bombo, Kibera, Arua na Koboko.

Kumbe Pasha si jina, ni cheo. Na wazee wa bibi yangu walikuwa askari wa serikali ile ile iliyovunja heshima ya mji mtakatifu niliokuja kuuzuru. Wengi wao hawakujiunga kwa hiari yao. Walitekwa makwao wakavalishwa sare. Hata hivyo, bunduki ikielekezwa kwako, huulizi aliyeishika alipatikanaje.

Nilisita, kisha nikamweleza mzee asili yangu. Alinitazama kidogo, akaniongezea kahawa.

Niliporudi Koboko nilikwenda kwenye kaburi la bibi, nikamsomea Fatiha. Tangu siku hiyo, wajukuu wangu wakiniuliza wazee wetu walikuja na nani, huwaambia jina la Pasha, na huwaambia pia habari za Harar. Burton tunaweza kumlaumu kwa aliyoyaandika. Ya kwetu nayo tuyaseme, ili atakayetoka hapa kwenda kuutembelea mji ule aingie langoni akijua yeye ni nani.