Henrik Dam: Mtafiti wa vifaranga aliyewafaa watoto wachanga

SUKUMA wiki inayokatwa kila jioni kwenye vibanda vya mama mboga mtaani Huruma, Nairobi, imejaa vitamini K, kiini kinachowezesha damu kuganda mtu anapojeruhiwa. Aliyekigundua, Henrik Dam, alianzia kwa kuku.

Dam alizaliwa jijini Copenhagen, Denmark, mwaka wa 1895, mwana wa mfamasia. Alihitimu katika kemia mwaka wa 1920. Mwishoni mwa mwongo huo aliwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta, akichunguza iwapo miili yao ingeweza kujitengenezea kolesteroli. Baada ya majuma machache, vifaranga walivuja damu chini ya ngozi na ndani ya misuli, nayo damu yenyewe ilichelewa kuganda.

Aliwaongezea kolesteroli, wapi! Akajaribu maji ya limau, yanayotibu kiseyeye, nayo yasifue dafu. Hatimaye majani mabichi na maini ya nguruwe ndiyo yaliyowakinga. Mnamo 1935 alikiita kiini hicho vitamini K, herufi inayoanza neno la kuganda kwa Kidenmaki na Kijerumani.

Mwaka wa 1939 alikitenga kwa ushirikiano na Paul Karrer wa Uswisi, naye Edward Doisy wa Marekani akabainisha muundo wake wa kikemia. Dam na Doisy waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka wa 1943. Wakati huo Dam alikuwa Marekani, kwani vita vilimzuia kurejea kwao hadi 1946. Alifariki Copenhagen mnamo Aprili 1976.

Ugunduzi huo ungali suala la uhai na kifo. Mama mjamzito hata akila sukuma wiki kila siku, vitamini hiyo humfikia mwanawe tumboni kwa uchache mno, na maziwa ya mama pia huwa nayo kidogo. Hivyo mtoto mchanga anaweza kuvuja damu ghafla tumboni au hata kwenye ubongo. Kinga yake ni sindano moja ya miligramu 1 baada ya kuzaliwa, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwa kila mtoto.

Anayezaliwa nyumbani huikosa. Mzazi wa Huruma aliyejifungulia chumbani mwake hana budi kumpeleka mwanawe kliniki mara moja, bila kungoja dalili, maana damu ikishavuja ubongoni huenda msaada ukachelewa.